Nyar Kanyada na Mzunguko wa Got Rateng'

Watu wa upande wa Sindo walikuwa na kitu kimoja cha kumcheka Jedidah: huyu mama hajui kurudi na njia aliyoendea. Mtu mwingine akienda mtoni anarudi vile alienda. Akienda kanisani, hivyo hivyo. Jedidah alitoka kwake asubuhi Got Rateng' ikiwa mkono wa kulia, na jioni ukimwona anaingia, kilima bado kiko mkono wa kulia. Amekizunguka chote. Got Rateng' ni kilima cheusi, kimekaa karibu na ziwa kama mtu amechuchumaa anataka kunawa uso, na kukizunguka kwa miguu ni kazi ya siku nzima hata kama hujabeba kitu. Yeye alikuwa amebeba nyungu.

Haikuwa wazimu, ilikuwa biashara. Udongo mzuri wa kufinyanga ulikuwa kijitoni nyuma ya nyumba yake. Alifinyanga nyungu za maji, za mboga, za kuweka nafaka. Za pombe pia alifinyanga, ila kwa sababu alikuwa Msabato aliziita za maji, na wanunuzi hawakubishana. Nyuma ya kilima kulikuwa na wakulima wenye mtama mwingi na udongo wa kupasuka pasuka. Hao walichukua nyungu, wakampa mtama. Mbele, kando ya ziwa, kulikuwa na watu wa samaki ambao kila wakipanda mtama kiboko anakula kabla yao. Hao walichukua mtama na nyungu zilizobaki, wakampa samaki, fulu iliyokaushwa na ngege ya moshi. Halafu anafuata mchanga wa ziwa mpaka nyumbani. Sasa jaribu kugeuza. Anza na ziwa. Utafika kwa wakulima jua likiwa kali, una samaki inanuka, na mtama utakaopewa huna tena wa kumpa. Kwa hivyo hakugeuza.

Kwao ni Kanyada, huko juu ya Homa Bay, na kwa sababu hiyo hakuna mtu alimwita Jedidah isipokuwa pasta. Aliitwa Nyar Kanyada, msichana wa Kanyada, hata akiwa na wasichana wake wawili wakubwa. Mume wake Nashon naye alimwita hivyo. Nashon alikuwa mtu wa maneno machache na alikuwa na mzaha mmoja tu, akauchosha miaka yote ya ndoa: "Nyar Kanyada, siku moja utazunguka mpaka ukute mgongo wako."

Nashon akafa mwaka mmoja kabla ya Uhuru. Ilikuwa malale, ule ugonjwa wa mbung'o. Alikuwa akichunga ng'ombe bonde la Lambwe, akaanza kulala akiwa anakula, akaanza kulala akiwa anaongea, halafu siku moja akalala.

Hapo ndipo mzunguko ukaingia shida.

Kwa Dholuo mjane anaitwa chi liel, mke wa kaburi. Anavaa nguo ya marehemu, na Jedidah alivaa koti la kaki la Nashon lenye mikono iliyopita vidole. Na hawezi kuingia boma ya mtu mwingine mpaka ndugu wa marehemu amrithi. Akiingia kabla ya hapo, anaingia na chira. Watoto wa hapo wanakonda bila ugonjwa, ng'ombe zinatoa mimba. Unaweza kusema ni upuzi. Pasta pia alisema ni upuzi, kwa sauti kubwa, kila Jumamosi. Lakini pasta huyo huyo akitembelewa na mjane alitoka kumsalimia nje, chini ya mti.

Jedidah hakugombana na mtu. Alibadilisha kazi kidogo tu. Badala ya kuingia kwa watu, kukaa, kula, kupewa umbea wa wiki, alisimama nje ya lango akaita. Wanawake wakatoka, nyungu zikagongwa kwa kidole kusikiliza kama zimepasuka, mtama ukapimwa hapo hapo kwenye vumbi. Rafiki yake Rispa, mama mmoja mnene wa kukausha samaki, aliyekaa mwisho wa njia ya ziwa, alikuwa zamani akimlisha ndani ya nyumba. Sasa alibeba ugali akaja nao nje ya fensi, wakala wote wawili kando ya njia kama watu wanangojea gari ya serikali.

"Mwisho nitazoea," Rispa alisema. "Nitasahau nyumba yangu iko na meza."

"Si urudi ndani ule kwa meza."

"Na wewe unitolee macho kwa fensi? Kula wewe."

Mtu wa kumrithi alikuwepo. Simeon, mdogo wake Nashon. Na kama unangoja kusikia ni mlevi au mpigaji, pole, Simeon alikuwa mtu mzuri. Alikuwa na mke mmoja, jembe la ng'ombe, na heshima. Alikuja akasimama mlangoni, kofia mkononi.

"Nyar Kanyada, hii maneno tumalize. Watu wanauliza."

"Watu gani?"

"Watu."

"Waambie nawasalimia."

"Shemeji, mimi sichezi. Nikikuchukua utaingia boma ya yeyote. Hutasimama nje kama mbuzi."

"Na nyungu zangu?"

"Utafinyanga, nani amekataza? Wanunuzi watakuja hapa. Lakini hiyo kuzunguka kilima kama fisi, hapana. Kwangu kuna shamba. Mke wa mtu anajulikana yuko wapi."

Jedidah aliangalia mikono yake, udongo umekauka mpaka kwenye kiwiko. Hangeweza kumwelezea Simeon. Hapo nyumbani alikuwa mjane wa Nashon, kitu cha kumalizwa. Kule njiani alikuwa Nyar Kanyada wa nyungu, mtu anayengojewa. Kuna mahali nyuma ya kilima, ukimaliza mashamba ya mtama na kuanza kuteremka, ziwa linafunguka lote mbele yako mara moja na upepo unakushika koti. Kila wiki alifika pale, na kila wiki alisimama. Utamwambiaje mwanaume mwenye jembe la ng'ombe kwamba unataka kubaki na hiyo?

"Ngoja mavuno iishe," akasema.

Mavuno ikaisha. Akasema ngoja mvua ipite.

Hiyo mvua haikupita. Ilianza kabla ya Uhuru, ikanyesha mpaka Uhuru, ikaendelea kunyesha kama hakuna mtu ameiambia bendera imebadilishwa. Watu wakaiita mvua ya Uhuru na wakacheka, halafu wakaacha kucheka, kwa sababu ziwa lilianza kupanda. Lilikula mchanga. Lilikula mashamba ya mihogo. Miti mikubwa ikabaki imesimama ndani ya maji na ndege juu yake, inakufa polepole. Na mahali fulani likala njia ya Jedidah.

Mahali penyewe palikuwa kwa mzee Ondigo. Hapo Got Rateng' inateremka kwa mwamba mtupu mpaka karibu na ziwa, na boma ya Ondigo ilikuwa imejibana kati ya mwamba na maji. Zamani kulikuwa na mchanga nje ya fensi, upana wa ng'ombe wawili wanaosukumana, na Jedidah alipita hapo na watu wote. Sasa maji yaligusa fensi. Kila mtu akaanza kupita ndani: unaingia lango la mzee, unamsalimia, unakatiza uwanja, unatokea kitundu cha nyuma. Ondigo hakukataa mtu. Mmoja tu.

Siku Jedidah alifika na kukuta maji yamefunga, aliita langoni. Mzee mwenyewe ndiye alitoka. Hakutuma mtoto, na hiyo ilikuwa heshima, Jedidah alijua.

"Jaduong'," akamwamkia kama mzee anavyoamkiwa, "nataka kupita tu. Sitaketi. Sitaomba maji. Hata kuku sitazisalimia."

"Kuku hazina neno. Mimi niko na wajukuu."

"Nawaona."

"Yule mdogo anakohoa tangu juzi. Ukipita leo, na kesho akiharibika, wewe utasema ni kifua. Mama yake atasema ni wewe. Mimi nitamwambia nini?"

"Pasta anasema chira haiko."

"Mwambie pasta ahamie hapa na watoto wake, halafu nyote wawili mpite." Mzee akajikuna shingo. Hakuwa amekasirika, alikuwa amechoka, fensi yake ilikuwa imelowa. "Nyar Kanyada, hebu niambie. Huyo Simeon ni kipofu?"

"Hapana."

"Ananuka?"

"Hapana, jaduong'."

"Basi si umalizane na yeye urudi upite hapa ukiimba! Nyungu zako mimi nazipenda. Yangu ya maji imepasuka tumbo."

"Nikuachie hii?"

Ondigo akaiangalia ile nyungu, akamwangalia mwenye nyungu. "Hiyo iweke nje ya lango. Mtu atakuja kuichukua."

Kwa hivyo nyungu iliingia na Jedidah akabaki.

Akajaribu maji. Alijifunga leso kiunoni, akaweka mtama kichwani, akashika fensi ya Ondigo kwa nje na kuanza kupita kwenye matete, maji kwa magoti, halafu kwa mapaja. Wanawake wa Ondigo walikuwa wanamwangalia kutoka ndani na kumwambia weka mguu hapa, weka mguu pale. Halafu wakanyamaza wote pamoja. Kiboko alikuwa amesimama kwenye matete, kichwa tu, anafikiria. Jedidah alirudi nyuma bila kugeuka. Mtama wote ukaenda na ziwa. Jioni aliingia nyumbani amelowa mpaka kwenye koti, na kilima kilikuwa mkono wa kushoto. Wale wa kumcheka walimwona. Hawakucheka.

Wakampa mashauri. Si ufanye safari mbili, wakasema, wiki hii nenda nyuma urudi, wiki ijayo nenda ziwani urudi. Alijaribu. Nusu ya kila safari anatembea bila faida, udongo unakauka nyumbani haujafinyangwa, na shingo yake ikaanza kulia kama mlango mbovu. Simeon akaja tena na kofia yake.

"Sasa?"

"Nipe panga yako," Jedidah akasema.

"Ya nini?"

"Ya kukata."

Akampa. Labda alidhani ni kuni.

Juu ya Got Rateng' hapakuwa na njia. Palikuwa na miiba, mawe ya kuteleza, na fisi wenye mashimo yao. Jedidah alianza pale mashamba ya mtama yanaisha na akakata kwenda juu, akizunguka mwamba wa Ondigo kutoka mgongoni. Kila wiki alikata kipande, akauza alichouza, akarudi. Upande wa pili, Rispa alianza kukata kutoka chini na jembe lake, akilalamika mpaka samaki wakasikia.

"Mimi ni mtu wa ziwa!" alipiga kelele siku waliposikiana kupitia kichaka. "Nikitaka kupanda milima ningeolewa Kisii!"

"Endelea kuongea, nifuate sauti!"

"Siongei, nakufa!"

Walikutana juu, kwenye bega la kilima. Pale palikuwa na kiwanja, na ni hicho tu katika kilima chote. Upande mmoja genge la mwamba, upande mwingine korongo la miiba, katikati tambarare ya mawe na nyasi fupi, na upepo wa ziwa. Hapo njia ilipotea yenyewe, kwa sababu kila mtu alipita anapotaka. Katikati kulikuwa na jiwe bapa. Jedidah aliketi juu yake siku hiyo akapumua, na tangu hapo kila wiki alitua nyungu zake pale, akanyoosha shingo, akaangalia visiwa.

Safari ya kwanza alivunja nyungu mbili wakati wa kuteremka. Ya pili, moja. Halafu miguu ikajifunza. Mzunguko ukarudi, kilima kikarudi mkono wa kulia, au tuseme bega lake, lakini Jedidah hakuwa mtu wa kubishana na bega. Wengine wakaanza kufuata: wenye mbuzi, wenye kuni, na wale waliochoka kusalimiana na wake watatu wa Ondigo kila siku. Simeon akaacha kuuliza. Akaoa msichana wa Kaksingri, na panga hakuidai.

Usidhani ilikuwa tamu. Binti wa Rispa alipoolewa, Jedidah alisikiliza ngoma yote kutoka nje ya fensi, sahani mkononi. Alichagua, na hiyo ndiyo ilikuwa bei. Lakini kule juu, kwenye tambarare, hapakuwa kwa mtu. Hata Rael, mikayi wa Ondigo, yaani bibi yake wa kwanza, akipanda kuokota kuni walikaa pamoja kwenye jiwe lile, goti kwa goti, wakagawana muhogo. Chini kwa mume wake Rael hangeweza kumpa hata maji ndani ya lango.

Ziwa nalo lilikuwa bado linapanda. Msimu huo likaingia boma ya Ondigo, nyumba ya bibi mdogo kwanza. Asubuhi wakakuta sufuria zinaelea.

Rispa ndiye alimpa habari, nje ya fensi, ugali ukiwa katikati yao.

"Ondigo anahama."

"Anaenda wapi?"

Rispa akamega ugali, akauzungusha mkononi bila kuula.

"Rispa. Wapi?"

"Juu. Pale kwenu."

"Pale kwenye tambarare?"

"Hana pengine, Nyar Kanyada. Mbele maji, kando mwamba. Amepanda juzi na ndugu yake mkubwa, wamepima na macho. Fensi itatoka korongoni mpaka kwenye genge. Anaanzisha kesho kutwa asubuhi."

Jedidah aliacha kula. Hakuhitaji kuelezwa. Boma mpya inaanzishwa asubuhi mapema: mwenye boma anabeba jogoo, kifungua mimba wake anabeba shoka, mikayi anabeba moto. Mkubwa wa ukoo anapiga kigingi cha lango. Kigingi kikishapigwa, hapo ni nyumbani kwa mtu, na lango halihamishwi tena mpaka mwenyewe afe. Fensi kutoka korongo mpaka genge, na njia yake ndani. Itakuwa kule chini tena, ila sasa hakuna juu ya kukimbilia.

"Utafanya nini?" Rispa akauliza.

"Nitamwomba kabla ya kigingi."

Siku yenyewe alipanda kwa upande wa Rispa, ambao ni karibu, nyungu tatu kichwani juu ya ngata. Hazikuwa za kuuza kwa haraka. Ila mtu akibeba nyungu hakuna anayemuuliza anaenda wapi, na bila nyungu alijiona kama amevuliwa nguo. Jua lilikuwa linatoka alipofika kwenye bega. Walikuwa tayari wamefika. Ondigo na jogoo kwapani. Kijana wake mkubwa na shoka. Ndugu yake, mzee mwenye jicho moja jeupe, ameshika kigingi. Na Rael, moto ukifuka ndani ya kigae cha nyungu, mjukuu yule wa kukohoa amefungwa mgongoni. Sketi yake ilikuwa imelowa mpaka magotini. Alikuwa ametoka kitandani akakanyaga maji.

"Nyar Kanyada," Ondigo akasema. "Leo hapana."

"Jaduong', hapa si kwa mtu bado. Nimekuja tuongee kabla."

"Huyu ni nani?" mzee wa kigingi akauliza.

"Ni yule mama wa nyungu," kijana wa shoka akajibu. "Chi liel wa Nashon."

Mzee akateremsha kigingi. "Anapitaga hapa?"

"Si yeye ndiye alikata njia," kijana akasema, na kabla hajamaliza alijua amesema kitu.

Jogoo akajitikisa kwapani mwa Ondigo.

"Ondigo," ndugu yake akasema polepole. "Unataka nikupigie boma juu ya nyayo za chi liel?"

Uso wa Ondigo ulianguka. Hakuna namna nyingine ya kusema. Aliangalia chini kwenye nyasi, akainua mguu mmoja, akauweka tena, kama mtu amesimama juu ya kitu cha moto. Hii yote hakuwa ameifikiria. Maji yalikuwa yamemharakisha.

Jedidah alikuwa amekuja na maneno ya kuomba. Ameyapanga njiani, mazuri, yenye unyenyekevu. Sasa akaona hayahitajiki. Kumbe asiseme chochote. Asimame tu hapo na koti la Nashon, na hawa watu watabeba jogoo wao na moto wao warudi chini. Tambarare itabaki yake, jiwe litabaki lake. Sheria ile ile iliyomfungia lango leo ilikuwa upande wake.

Warudi chini wapi? Mtoto mgongoni mwa Rael akakohoa.

"Nyayo ziko wapi?" Ondigo akamuuliza. Sauti ilikuwa ndogo. "Nionyeshe mahali unakanyaga. Na usinidanganye, mama. Niko na watoto."

Ukweli ni kwamba hakukuwa na mahali hajakanyaga. Alikuwa ameketi kila upande wa lile jiwe kufuata kivuli. Alikuwa amelala chali kwenye nyasi hizo siku ya joto. Rael alijua, alikuwa amelala kando yake. Rael sasa alikuwa anapuliza moto, hainui macho.

Jedidah akainua mkono akaonyesha genge. Kule mwisho kabisa, chini ya mwamba, kulikuwa na ukingo mwembamba wa mawe, miiba ikining'inia juu yake na bonde likingoja chini.

"Pale," akasema. "Nafuata ule ukingo. Hapa katikati sijawahi kuingia. Upepo ni mwingi, ungeniangushia nyungu."

Mzee wa jicho jeupe akageuza kichwa kutumia jicho zima. "Ule? Ule hata mbuzi haipiti."

"Mbuzi iko na haraka gani, baba?"

Kijana wa shoka akataka kucheka, akakumbuka mahali yuko.

"Rael," Ondigo akasema. "Wewe unapanda huku kila siku. Ni kweli?"

Mikayi akapuliza tena, majivu yakaruka. "Mimi naokota kuni, siangalii watu. Lakini nikimwona, namwonaga pale." Halafu akainua uso. "Moto unazima, baba. Mnaanzisha boma ama mnaanzisha kesi?"

Ondigo akautazama ule ukingo. Kama aliamini, Mungu ndiye anajua. Mtu ambaye nyumba yake inaelea anaamini kwa haraka. Akatembea mpaka karibu na genge, akapiga kisigino chini, akarudi.

"Fensi iishie hapa," akamwambia ndugu yake. "Isifike kwa ukingo. Nyumba ya kijana wangu wa pili itabanwa, basi, ibanwe. Ule ukingo ni njia ya huyu mama." Akamgeukia. "Na wewe usitoke pale."

"Sitatoka."

"Hata ukichoka?"

"Hata nikichoka, jaduong'."

"Sasa pita. Tuanze kabla jua haijapanda."

Wakamfungulia nafasi, wote wanne, na wote wanne wakageuka kumwangalia. Jedidah akarekebisha ngata, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye ukingo ambao hakuwahi kuukanyaga maishani mwake. Ulikuwa mwembamba kuliko alivyofikiria. Jiwe la kwanza lilicheza chini ya mguu wake. Mwiba ukashika mkono wa koti, na alijua akisimama kuutoa wataona kwamba hajui mahali miiba iko. Akaendelea, koti likapasuka kidogo, akaacha lipasuke. Mkono mmoja ulikuwa kwenye nyungu na ule mwingine alitaka sana kuuweka kwenye mwamba, lakini mtu hajishiki kwenye njia yake ya kila wiki. Kwa hivyo aliutembeza tu, huru, kama mtu anaenda dukani, na akaanza kupiga mluzi wa wimbo wa kanisa. Nyuma yake akasikia kigingi kikipigwa.

Hakuangalia chini. Aliutafuta ukingo kwa vidole vya miguu, jiwe baada ya jiwe, akiuweka kichwani kwa sababu wiki ijayo atapita hapo tena, na ile nyingine, na watakuwa wanaangalia.